Niliijibia Karatasi, Sikumuuliza Mzee

 

Ndugu zangu katika imani, kazi ya ukatibu wa msikiti ni kazi ya karatasi. Mimi ndiye ninayeandika mihutasari ya vikao, ninayetunza stakabadhi za michango, na ninayewaandikia barua wenye mamlaka tunapotaka kibali cha kupanua ukuta au kuchimba kisima. Kwa kuwa nimejulikana kwa jambo hilo, wazee wa mtaa wetu hapa Iringa huniletea fomu zao pia: za bima ya afya, za kitambulisho cha taifa, za pasipoti kwa anayetarajia kwenda Hija. Huketi nao barazani baada ya swala ya Laasiri, nikawajazia. Miaka imenifundisha kujaza upesi, na upesi huo nilikuwa nikiuhesabu miongoni mwa mema yangu. Leo ninaandika habari za siku ambayo upesi huo ulikaribia kumpofusha mtu aliyenilea.

Muadhini wetu ni kaka yake marehemu baba yangu. Mimi humwita Baba, kwani baba yangu alipofariki yeye ndiye aliyenisomesha hadi nikamaliza chuo cha Kiislamu. Umri wake unakaribia miaka 70. Kwa zaidi ya miaka 20 sauti yake ndiyo iliyotuamsha Alfajiri, hata katika baridi ya Juni na Julai, wakati ukungu huwa mzito kiasi cha mtu kutoliona lango la jirani yake. Tangu Ramadhani iliyopita alianza kulalamika kiuno. Kisha ganzi ikashuka katika mguu wa kulia. Ikafika siku akaadhini ameketi, nasi waumini tukatazamana bila ya kusema neno.

Daktari wa hapa Iringa alimpiga picha ya eksirei, akasema mifupa peke yake haielezi maradhi yale. Ilitakiwa kuonekana mishipa ya fahamu pamoja na zile sahani laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo, na kipimo kinachoonesha hayo vizuri zaidi ni MRI. Tukaandikiwa rufaa ya kwenda Mbeya. Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya swala nikatangaza mchango. Walitoa wafanyabiashara wa sokoni, wakatoa mafundi na vijana wa bodaboda, na akina mama wa darsa wakaleta fungu lao limefungwa ndani ya kitambaa. Tulihesabu mimi na mweka hazina, nikaandika stakabadhi. Fedha ile ilikuwa amana, nami nilikuwa nayo mfukoni tulipopanda basi la asubuhi.

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Ulikuwa mwezi wa Rajab, mvua zimekolea. Tulipita Mafinga katika ukungu, tukapigwa na upepo wa Makambako, na tulipoteremka Igawa kuelekea Chimala mashamba ya mpunga ya Usangu yalikuwa kijani kitupu. Njia nzima Baba aliketi kwa ubavu mmoja, ameshika kiti cha mbele yake. Kila basi lilipopita kwenye tuta alifumba macho. Dhuhuri na Laasiri tulizikusanya na kuzipunguza kama sheria inavyomruhusu msafiri, na usiku ule tulilala Mwanjelwa kwa ndugu wa mmoja wa waumini wetu.

Asubuhi tulifika hospitali mapema, tukakuta wenzetu wameshatangulia. Mhudumu alinipa karatasi ya maswali. Nikaitupia jicho. Je, mgonjwa ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo? Je, amewahi kufanyiwa upasuaji wa kichwa, sikio au jicho? Je, amewekewa vyuma mifupani? Je, amewahi kupigwa risasi au kujeruhiwa kwa mlipuko? Je, amewahi kufanya kazi ya kuchomelea au kusaga chuma? Baba alikuwa amefumba macho akivuta uradi kwa tasbihi yake. Sikutaka kumsumbua. Nilijiambia kwamba ninamjua tangu nilipozaliwa. Nikatia alama ya "hapana" kuanzia juu hadi chini, nikaandika jina langu penye nafasi ya aliyejaza, nikatia saini. Kazi yote haikumaliza dakika mbili.

Mtaalamu aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mpole wa maneno. Alimwamkia Baba, "Shikamoo, mzee wangu," kisha akaisoma karatasi yangu. Mimi hakuniuliza kitu. Alivuta kiti, akaketi karibu na Baba, akaanza upya swali la kwanza.

Nikaingilia. "Dada, hayo yote nimeshayajibu."

"Nimeona, kaka yangu," akasema. "Nataka nimsikie yeye mwenyewe."

Walipofika kwenye swali la risasi na mlipuko, Baba alinyamaza. Aliisukuma punje moja ya tasbihi, kisha akasema, "Kipo."

Nilidhani hakusikia vizuri. "Baba, anakuuliza kama uliwahi kupigwa bomu."

"Nimemsikia," akanijibu. "Kipo. Hapa." Akagusa chini ya nyusi ya jicho la kushoto, penye kovu dogo ambalo nimeliona tangu utotoni na ambalo siku zote niliambiwa lilitokana na kuanguka.

Ndipo niliposikia, mbele ya mtu baki, habari za baba yangu ambazo sikuwahi kuzisikia nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, yeye alikuwa kijana wa mgambo, akachukuliwa pamoja na wenzake kwenda vitani. Miezi michache kabla ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979, kombora liliangukia karibu na handaki lao. Kijana aliyekuwa ubavuni pake, waliyetoka naye kijiji kimoja, alifariki papo hapo. Yeye aliumia usoni. Tabibu wa jeshi alitoa vipande alivyoviona, akasema kimoja kidogo kimeingia ndani, na maadamu jicho linaona, kiachwe. Kimeachwa kwa zaidi ya miaka 45.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Umeijibia karatasi."

Alilisema bila ya hasira, nami sikuwa na jawabu. Chuoni, ustadhi wetu wa fiqhi alitufundisha somo la ushahidi kwa muda mrefu, na jambo alilolirudia ni kwamba mtu hashuhudii asilolijua. Nililiandika katika daftari, nikalifanyia mtihani, nikafaulu. Kisha nikaja nikashuhudia mara kadhaa, kwa saini yangu, juu ya mwili usiokuwa wangu.

Mtaalamu yule alimpeleka Baba kupigwa picha ya eksirei ya macho. Daktari alituita akatuonesha. Ndani ya tundu la jicho la kushoto palikuwa na doa jeupe lisilozidi punje ya mtama. Akasema MRI haitafanyika. Nikamuuliza kwa unyenyekevu: ugonjwa uko kiunoni, na picha inayotakiwa ni ya kiuno, jicho linaingiaje hapa? Alinieleza kwa subira, na mengi kati ya ninayoyaandika hapa chini nilianza kuyafahamu siku ile, nikayatafuta zaidi baadaye, kwa kuwa niliona aibu kuwa msomi asiyejua alichokitilia saini.

Mashine ya MRI haitumii mionzi kama eksirei. Ni sumaku kubwa iliyofanywa mfano wa bomba, na mtu hulazwa ndani yake. Miili yetu ina maji mengi, na katika maji mna hidrojeni. Sumaku huzipanga chembe za hidrojeni, mawimbi ya redio huzitikisa, nazo zikirudi katika mpangilio wake hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Kwa mchango wao katika elimu hii, Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2003. Ni neema kubwa, kwani daktari huona ndani ya ubongo na uti wa mgongo bila ya kupasua.

Lakini nguvu ya sumaku ile si ya kuchezea. Hupimwa kwa kipimo kiitwacho tesla. Mashine nyingi za hospitali ni za tesla 1.5, na nyingine ni za tesla 3. Sumaku ya ardhi, ile inayoizungusha sindano ya dira tunayotafutia kibla tukiwa safarini, haifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya tesla moja. Kwa hiyo mashine ya tesla 1.5 inaizidi nguvu ile kwa zaidi ya mara 20,000. Na mgonjwa anayepigwa picha ya kiuno huingia katika sumaku hiyo na mwili wake wote, pamoja na jicho lake na kila kilichomo ndani ya jicho.

Kuna jambo jingine ambalo sikulidhania. Mimi niliamini kwamba mashine ikiwa kimya imezimwa. Sivyo. Katika mashine nyingi sumaku hutokana na waya uliozamishwa katika heliamu ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 269 hivi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo umeme huzunguka ndani ya waya bila ya kupungua. Sumaku huwapo usiku na mchana, mgonjwa awepo asiwepo, umeme wa mtaani uwepo au ukatike. Mlio mkubwa unaosikika wakati wa kipimo ni wa sehemu nyingine za mashine, na ukimya wake si dalili ya usalama.

Watu wamekufa kwa kutolijua hilo. Julai 2001, katika jimbo la New York nchini Marekani, mtoto wa miaka 6 alikuwa amelazwa ndani ya mashine pale mtungi wa oksijeni ulipoingizwa chumbani. Sumaku iliuvuta, ukampiga kichwani, akafariki. Januari 2018, mjini Mumbai, India, kijana wa miaka 32 aliyemsindikiza jamaa yake mgonjwa aliingia na mtungi wa oksijeni, na ndugu zake walieleza kwamba waliambiwa mashine imezimwa. Alivutwa pamoja na mtungi, akafa. Na Julai 2025, tena New York, mama mmoja alikuwa amemaliza kupimwa goti, akamwita mumewe aje amsaidie kuinuka. Mume alikuwa na umri wa miaka 61, na shingoni alivaa mnyororo wa mazoezi wenye uzito wa takriban kilo 9. Sumaku ilimvuta kwa mnyororo ule, na siku iliyofuata alifariki. Nimelifikiria sana tukio hili la tatu. Ni nani kati yetu ambaye mkewe au mama yake akimwita "njoo uniinue" atasimama mlangoni kukagua mifuko yake?

Kipande kidogo kina hatari yake pia. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliandika habari za mfua bati aliyepofuka jicho moja baada ya kipimo hiki, kwa sababu ya kijipande cha chuma kilichobaki humo tangu zamani. Kipande kilichokaa miaka mingi ndani ya msuli mara nyingi hushikwa na kovu, kikatulia. Jicho ni laini, halina nyama ya kukishikilia. Kikigeuka kidogo tu, hukata. Hilo ndilo lililokuwa likimngojea Baba upande wa pili wa mlango, na kibali chake nilikiandika mimi.

Katika Qur'ani Tukufu mna sura nzima yenye jina la chuma, Sura ya 57, Al-Hadid. Humo chuma kimetajwa kwa nguvu yake kali na kwa manufaa yake kwa watu. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na sikuwahi kufikiri kwamba nguvu na manufaa vinaweza kukutana ndani ya mwili wa mtu mmoja, katika chumba kimoja, kwa saa moja.

Badala ya MRI, Baba alifanyiwa CT-Scan, kipimo kinachotumia mionzi ya eksirei na kisichokuwa na sumaku. Hakioneshi mishipa ya fahamu kwa ubora uleule, ila kilitosha kuonesha mahali pingili zilipobana, na matibabu yakaanza: dawa, mazoezi ya viungo, na mkanda wa kiuno. Leo anatembea kwa mkongojo. Bado anaadhini akiwa ameketi siku za baridi, na siku nyingine anasimama.

Tuliporudi Iringa ilinibidi nisome hesabu mbele ya kamati. Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema kwamba daktari alibadilisha kipimo, na ingekuwa kweli. Lakini mchango ulikuwa wa watu, na watu walikuwa na haki ya kujua jinsi amana yao ilivyokaribia kununua msiba. Nikasema yote, na karatasi pia. Mjumbe mmoja alinung'unika kwamba tulichangia kitu kimoja na kikaletwa kingine. Mzee mwingine akauliza, "Katibu, haya ya hospitali yanahusu nini na msikiti?" Kabla sijajibu, imamu wetu akauliza ni nani kati ya waliokuwa wameketi pale ana chuma mwilini. Akanyoosha mkono mjumbe aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda. Akanyoosha fundi wetu wa mageti, akasema kwamba cheche zimemwingia jichoni mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Yule mzee aliyeuliza swali akakaa kimya, kisha akasema kwamba yeye alifanyiwa upasuaji nchini India na hajui ni nini kilichoachwa ndani. Kikao hakikuendelea na ajenda nyingine siku ile.

Kwa ruhusa ya Baba, na kwa sharti lake kwamba nisilitaje jina lake, ninawaletea wasomaji wa kurasa hizi tuliyokubaliana kuyafikisha katika nyumba za waumini wetu.

La kwanza ni kwamba mgonjwa ajibu mwenyewe. Anayemsindikiza amsomee swali moja baada ya jingine, kwa lugha anayoielewa, akiwa Mhehe kwa Kihehe, akiwa Mnyakyusa kwa Kinyakyusa, kisha amngoje. Sisi hupenda kuwasemea wazee wetu kwa heshima, na wake zetu kwa mazoea. Mwili una habari ambazo hata mwana na mume hawana. Mwanamke anaweza kuwa na kitanzi cha uzazi wa mpango ambacho hajamwambia mtu. Kitanzi cha shaba kwa kawaida hakizuii kipimo, ila mtaalamu ni lazima ajue kipo, na cha aina gani. Kwa hiyo mume akiombwa atoke nje kidogo ili mkewe aulizwe peke yake, asione kwamba amevunjiwa heshima. Mwanamke naye ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke mwenzake, na aliombe hilo mapema.

La pili ni haya inayowekwa pasipostahili. Wako wanaoingia na hirizi yenye kifuko cha bati chini ya nguo, na wako akina mama wenye shanga za kiunoni zilizotungwa kwa waya. Hukumu ya hirizi masheikhe wameieleza, na hapa si mahali pake. Ninachosema ni kwamba aliyevaa, avue. Anayeona aibu kuvua mbele ya mwanawe aliyemsindikiza, amwambie mtaalamu faraghani. Kusitiri aibu ni jambo jema, na kuificha hatari isiyo yako peke yako ni jambo jingine.

La tatu ni mavazi. Pini za ushungi na za mtandio nyingi ni za chuma, na moja hujisahau kirahisi nyuma ya shingo. Pete na mikufu ya dhahabu au fedha haivutwi na sumaku, lakini hupitisha umeme na inaweza kupata joto, kwa hiyo huachwa nyumbani. Nguo zenye nyuzi za kumetameta, na zile za michezo zenye nyuzi za fedha, zinaweza kumuunguza mtu. Wanja na vipodozi vingine vya macho huwa na madini ya chuma, vioshwe. Vazi la hospitali ndilo salama zaidi, na kwa sitara mwanamke aulize kama anaweza kujifunika mtandio mwepesi wa pamba usio na pini wala zipu. Simu, funguo, sarafu, saa, kadi za benki, kifaa cha kusaidia kusikia na meno ya bandia yanayotolewa, vyote hubaki nje. Sheria hiyohiyo ni ya anayesindikiza, hata akiitwa kwa haraka.

La nne, ndani ya mashine mgonjwa asifunge mikono kifuani kama anayeswali, wala asikutanishe viganja kwa dua, wala asipishanishe miguu. Ngozi ikigusana na ngozi, mawimbi ya redio yanaweza kupitisha umeme katika mzunguko huo na kuunguza. Dua ya moyoni na ya ulimi inatosha. Akisikia joto au uchungu popote, asivumilie, abonyeze kitufe alichopewa mkononi.

La tano, waliowekewa vitu mwilini wasikate tamaa. Vyuma vya kuunganishia mifupa siku hizi vingi ni vya titani au vya chuma cha pua ambacho sumaku haikivuti kwa nguvu, na wenye navyo wengi hupimwa salama. Vifaa vya moyo vya zamani kwa kawaida havikubaliki, na vipya vingine vinakubalika kwa masharti. Watoto waliopandikizwa kifaa cha kusikia, upasuaji ambao Muhimbili wameufanya tangu mwaka 2017, wana sumaku ndogo chini ya ngozi ya kichwa, na wazazi wao ni lazima waseme. Vibanio vya zamani vya mishipa ya ubongo ni katika vitu vya hatari kubwa kabisa. Watengenezaji huvitia vifaa hivi alama tatu: mraba wa kijani kwa kilicho salama, pembetatu ya manjano kwa kilicho salama kwa masharti, na duara jekundu lililokatwa mstari kwa kisichoruhusiwa. Wewe huwezi kuiona alama hiyo ikiwa kifaa kimo ndani yako, kwa hiyo anayefanyiwa upasuaji aombe kadi au karatasi yenye jina la kifaa na tarehe, aiweke pamoja na kitambulisho chake, na mtu mmoja wa nyumbani ajue ilipo. Na yule anayeogopa kwa kuwa damu ina chuma, atulie. Chuma kilichomo katika damu hakivutwi kama msumari.

La sita linawahusu wazee wetu waliopita vitani, na mafundi wa kuchomelea na kusaga chuma. Ninyi semeni hata kama hamkuulizwa. Picha moja ya eksirei ya macho huondoa shaka.

Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu akategemea. Mimi siku ile nilitegemea bila ya kufunga, na aliyenifungia ngamia alikuwa binti mmoja aliyekataa kuiamini saini yangu. Nilimwombea dua mbele yake, akacheka akasema hiyo ndiyo kazi yake.

Wiki chache baada ya safari ile nilimuuliza Baba kwa nini alituficha kwa miaka yote hii. Tulikuwa tumeketi ukumbini mwa msikiti, tukingoja Magharibi. Alisema mama wa yule mwenzake aliyefia handakini aliishi miaka mingi baada ya vita, na kila walipoonana alimuuliza kama mwanawe aliteseka. Yeye alimjibu kuwa hakuteseka. Akaona kwamba akianza kueleza habari za jicho lake, atalazimika kueleza na nyingine. Mama yule ameshafariki. Nilimuuliza jina la kijana, akanitajia, nikaliandika katika daftari la msikiti pamoja na majina ya marehemu tunaowaombea kila Ijumaa. Safari hii niliandika polepole, na nilimsomea kabla ya kufunga daftari ili anisahihishe herufi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowahudumia, na atujaalie kuzitunza amana tunazopewa. Wabillahi tawfiq.